Mkanda wa Kamera: Lipia Viungo, Usilipie Ngozi

Canon EOS 5D Mark IV, kamera inayofahamika sana kwa wapiga picha wa harusi, ina gramu 890 ikiwa na betri na kadi. Ifunge lenzi ya 70-200 mm f/2.8 toleo la tatu, yenye gramu 1,480. Chukua kamera ya pili kama hiyo na lenzi ya 24-70 mm f/2.8 toleo la pili, gramu 805. Umeshapita kilo nne, na bado hujahesabu flashi wala betri za akiba. Mzigo huo unabebwa tangu bibi harusi anapopambwa saluni mchana hadi wageni wanapoanza kutawanyika ukumbini usiku wa manane.

Njia za kuubeba ni tano. Bei za bidhaa zenye majina hapa ni za makadirio, kwa dola, kama zinavyouzwa Marekani. Ukiagiza, ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya.

Mkanda wa kwenye boksi: bure

Sifa yake kubwa ni kwamba umefungwa kwenye vijicho viwili vya pembeni mwa kamera, hauna skrubu ya kulegea. Kasoro yake ni kwamba uzito wote unakaa shingoni, na jina la kampuni limeandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara. Kwa kamera nyepesi yenye lenzi fupi unatosha. Kwa lenzi ya gramu 1,480, shingo itadai haki yake kabla keki haijakatwa.

Mkanda wa kukatiza kifuani: dola 15 hadi 80

Huu unapita begani na kifuani, kamera inaning'inia kiunoni. Peak Design Slide ni karibu dola 80. Ya kuiga kutoka China hupatikana hata kwa dola 15. Tofauti ya bei imejificha kwenye viungo, yaani mahali kamera inaposhikwa. Mikanda mingi ya rahisi hushikilia kamera kwa skrubu moja, kwenye tundu la chini la kufungia stendi. Kila hatua unayopiga, kamera inajizungusha kidogo, na skrubu nayo inajizungusha kidogo. Ile nzuri ina washa nene ya mpira inayobana; ya rahisi ina kipande chembamba kinachokakamaa baada ya muda. Peak Design wanatumia vitanzi vya uzi ambavyo kila kimoja, kwa maelezo yao, kinahimili kilo 90, na uzi ukilika, rangi ya ndani inatokeza kukuonya ubadilishe.

Ukitumia lenzi ndefu yenye pete ya stendi, funga mkanda kwenye pete hiyo, si kwenye kamera. La sivyo, uzito wote wa lenzi unaning'inia kwenye mdomo wa kamera.

Mkanda wa mabega mawili: dola 20 hadi zaidi ya 200

Kwa anayebeba kamera mbili, hakuna unaogawa uzito vizuri kama huu: bega la kulia na la kushoto yanasaidiana, na mikono inabaki huru. HoldFast MoneyMaker ya ngozi ni zaidi ya dola 200. Za kufanana nayo kutoka China ni dola 20 hadi 40, na fundi mzuri wa mikoba anaweza kukushonea wa ngozi au wa turubai kwa vipimo vyako. Ngozi iliyotiwa rangi hovyo huchuja kwa jasho na kuharibu shati jeupe; isugue kwa kitambaa chenye maji kabla hujalipa. Kagua pia pete za chuma. Pete iliyokunjwa tu, yenye mwanya, hufunguka; tafuta iliyochomelewa. Ukiinama, kamera zote mbili hutangulia mbele, kwa hiyo chunga vichwa vya watoto.

Kishikizo cha kiunoni: karibu dola 150 kwa kamera moja

Spider Holster hukaa kwenye mkanda mpana wa kiunoni, kamera inachomekwa na kufungwa kwa kufuli dogo. Mabega na shingo vinapumzika kabisa; nyonga ndizo zinazobeba. Mwenye maumivu ya shingo aanzie hapa. Ila kuketi nayo ndani ya bajaji au kupenya katikati ya viti vya ukumbi ni shida.

Klipu ya begi: karibu dola 80

Peak Design Capture hubana kwenye mkanda wa begi la mgongoni, kamera inatulia kifuani bila kuyumba. Kwa anayepanda Kilimanjaro na kamera moja ni chaguo zuri. Kwa lenzi ndefu siishauri.

Usalama barabarani

Mikanda yenye waya wa chuma ndani haikatiki kwa wembe, lakini mkwapuzi wa pikipiki akidaka mkanda uliokatiza kifuani, utakaoburutwa ni mwili wako. Barabarani kamera ikae ndani ya begi la kawaida lisilo na nembo. Mkanda ni wa kazini.

Je, kununua kamera nyepesi?

Canon R6 Mark II (gramu 670) na lenzi ya RF 70-200 mm f/2.8 (gramu 1,070) zinakupunguzia gramu 630 ukilinganisha na 5D Mark IV na lenzi yake ya 70-200. Lakini lenzi hiyo peke yake inapita dola 2,000. Kama sababu ni uzito tu, anza na mkanda.

Uamuzi

Mwandishi wa habari mwenye kamera moja achukue mkanda wa kukatiza wenye viungo vya kuaminika. Mpiga picha wa harusi hahitaji kutoa dola 200: achukue mkanda wa mabega mawili wa bei nafuu au wa fundi, kisha atoe viungo vilivyokuja nao na kuweka vya kampuni inayoaminika, ambavyo huuzwa peke yake kwa dola 20 hadi 30. Aongeze kamba fupi ya akiba kutoka kijicho cha kamera hadi kwenye mkanda, ili skrubu ikichomoka kamera isifike sakafuni. Na hata ukinunua wa bei gani, kaza skrubu kwa mkono kabla ya kuingia ukumbini, na tena wageni wanapokula.