Hesabu ya maji kabla ya kuunganisha matangi ya samaki

UFUGAJI wa samaki wa mapambo kwa kawaida huanza na tangi moja la vioo sebuleni. Baadaye mfugaji huongeza la pili na la tatu, na hatimaye hutamani kuyaunganisha kwa paipu ili yatumie kichujio kimoja na pampu moja.

Wazo hilo lina faida. Maji yakiwa mengi, joto na usafi wake havibadiliki kwa ghafla, na mfugaji husafisha kichujio kimoja badala ya vitatu.

Hata hivyo, ni siku umeme utakapopotea ndipo itakapojulikana iwapo kazi ya mabomba ilifanywa sawasawa. Anayeishi katika ghorofa ya tatu hatahesabu hasara yake pekee, bali pia ya dari ya jirani aliye chini yake.

Katika mpangilio unaotumika sana, tangi la samaki huwekwa juu na tangi la kichujio huwekwa chini, aghalabu ndani ya kabati. Pampu iliyo chini husukuma maji hadi juu. Maji hayo hushuka yenyewe kupitia paipu ya ziada, ambayo mdomo wake umewekwa kwenye kimo ambacho maji hayapaswi kukipita.

Baadhi ya wanaoanza hutumia pampu mbili, moja ya kupandisha na nyingine ya kuteremsha. Hilo ni kosa, kwa kuwa hakuna pampu mbili zinazosukuma kiasi sawa daima. Tofauti ya lita moja tu kwa dakika huwa lita 60 kwa saa.

Wengine hutumia mrija uliopindwa kupita juu ya ukingo wa tangi. Mrija huo huvuta maji mradi tu umejaa bila hewa. Viputo vikikusanyika kwenye kilele chake, maji hukatika ilhali pampu ingali inasukuma mengine juu.

Kwa sababu hiyo, tundu lililotobolewa kwenye kioo huwa salama zaidi. Lakini kabla ya kushika keekee, sharti mwenye tangi ahakikishe kwamba kioo chake si kile kilichoimarishwa kwa joto. Kioo cha aina hiyo hakitobolewi. Hupasuka chote kikawa vipande vidogo vidogo.

Matangi yaliyo sako kwa bako nayo yana masharti yake. Yakiunganishwa kwa paipu upande wa chini, maji hujisawazisha yenyewe. Pampu ikianza kumimina katika tangi la kwanza, kimo cha maji humo hupanda kidogo kabla ya kuyasukuma kwenda la pili, na kadiri paipu ilivyo nyembamba ndivyo tofauti hiyo inavyokua.

Jani moja au konokono akiziba paipu hiyo, tangi la kwanza litafurika. Ni heri kutumia paipu pana yenye wavu mpana mdomoni. Bora zaidi ni kila tangi liwe na paipu yake ya ziada inayoteremka hadi kwenye kichujio cha pamoja.

Umeme unapopotea

Pampu inaposimama, mambo mawili hutokea. Kwanza, maji yaliyo juu ya mdomo wa paipu ya ziada humalizika kuteremka. Pili, paipu iliyokuwa ikipandisha maji hugeuka na kuyavuta kurudi chini, na haikomi hadi mdomo wake upate hewa.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 45. Kila sentimita moja ya kimo chake hubeba lita 5.4. Mdomo wa paipu ya kupandishia ukizama sentimita 5, takriban lita 27 zitarudi chini. Ukizama sentimita 20, zitarudi lita 108.

Ikiwa tangi la chini lina urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 40, lita 27 zitapandisha maji yake kwa sentimita 7.5. Lita 108 zitayapandisha kwa sentimita 30. Aliyeacha nafasi ya sentimita 10 atanusurika katika hali ya kwanza, na katika ya pili ataogelea sebuleni.

Dawa ni kuweka mdomo huo karibu na uso wa maji, au kutoboa kitundu kidogo kwenye paipu, chini kidogo ya uso wa maji, ili kiingize hewa mapema. Kitundu hicho sharti kisafishwe mara kwa mara kwa kuwa huzibwa na ukungu wa kijani. Valvu ya kuzuia maji kurudi husaidia, lakini chembe moja ya mchanga yaweza kuizuia kufunga; haifai kutegemewa pekee.

Hatari nyingine ni paipu ya ziada kuziba pampu ikiwa inafanya kazi. Inapendekezwa kuweka paipu ya pili ya dharura, ambayo mdomo wake uko juu kidogo kuliko wa kwanza na haina koki yoyote. Aidha, maji yanayoweza kufikiwa na pampu katika tangi la chini yasizidi nafasi iliyobaki juu. Hivyo pampu itakaukiwa kabla tangi la juu halijafurika.

Si samaki wote wanaofaa kushiriki maji. Wale wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi huzoea maji magumu yenye alikali, ilhali wengi wa mto Amazon hupenda maji laini yenye asidi kidogo. Isitoshe, ugonjwa ukiingia tangi moja huenea kote. Samaki mgeni hana budi kutengwa kwanza katika tangi lisilounganishwa na mengine.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Kabla ya kutia samaki, mfumo wote ujazwe maji, pampu iwashwe, kisha plagi ing'olewe na kimo cha maji chini kitazamwe hadi kitulie. Plagi irudishwe, ithibitishwe kwamba maji yameanza kuzunguka yenyewe, na zoezi lirudiwe mara kadhaa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa mfugaji wa ghorofani, heri yamwagike siku ya majaribio, akiwa amesimama kando na ndoo mkononi, kuliko usiku wa manane akiwa usingizini.