Jua likishapita kioo, pazia limechelewa

Msomaji wangu, kama chumba chako kinatazama magharibi, leo saa kumi na moja jioni liguse pazia lako. Utalikuta na joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Joto hilo tayari limo ndani, na utalala nalo.

Februari nilimtembelea nyumbani bibi mmoja wa miaka 74, mgonjwa wangu wa shinikizo la damu hapa Dar es Salaam. Kwa muda alikuwa akilalamika kizunguzungu kila ifikapo usiku. Kliniki huja asubuhi; nikimpima, presha iko sawa. Nilimuuliza chumvi, usingizi, dozi. Chumba anacholala sikukiuliza hata mara moja, na hilo ni kosa langu.

Nilifika saa mbili usiku. Dirisha pana la kioo, la aluminiamu, linatazama magharibi. Pazia zito limefungwa. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 34. Nilimpima presha akiwa amelala, kisha amesimama, ikashuka sana. Anatumia dawa ya kumfanya akojoe maji yaliyozidi mwilini, anatoka jasho jioni nzima, na mzee wa umri wake huweza kupungukiwa maji bila kusikia kiu.

"Daktari mwanangu," akaniambia, "mbona pazia nalifunga tangu saa tisa?"

Alifanya kama tunavyofanya wengi. Lakini kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua. Pazia la ndani hulinyonya, hupata moto, kisha hulitoa tena chumbani. Joto la namna hiyo, linalotoka kwenye kitu chenye moto, halipiti kirahisi kurudi nje kupitia kioo. Kivuli kikiwa nje ya dirisha, kinachopata moto ni hicho kivuli, na upepo unauchukua.

Mjukuu wake anasoma usanifu wa majengo. Nilipomweleza, alikiunda chumba cha bibi yake kwenye kompyuta kwa EnergyPlus, programu ya bure iliyotengenezwa na Wizara ya Nishati ya Marekani. Unaiambia kuta ni za nini, kioo kina ukubwa gani na kinatazama wapi, unaipa hali ya hewa ya mji kwa saa zote 8,760 za mwaka, nayo inakokotoa jua liko wapi kila saa na ni sehemu gani ya kioo iliyo kivulini.

Mara ya kwanza chumba kilitoka baridi kiasi cha kutia shaka. Kijana alikuwa ameliweka pazia upande wa nje ya kioo. Alipolirudisha ndani, joto likapanda na kukaribia lile la kipimajoto changu. Nilicheka, lakini sijawahi kuona somo la kivuli likielezwa vizuri kuliko kosa lile.

Kisha akajaribu upenu wa sentimita 60 juu ya dirisha. Haukusaidia sana. Jioni jua likiwa limeinama nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho, upenu huo hutupa kivuli cha sentimita 22 hivi. Chini ya hapo kioo chote kinaungua. Upenu unafaa dirisha la kaskazini au kusini, ambako jua la mchana kwetu huwa juu sana. Dirisha la magharibi linataka kitu cha kulikinga usoni: vibao vya kusimama, neti ya kivuli, mti, au yale madirisha ya mbao ya Mji Mkongwe Zanzibar, ambayo hupitisha hewa huku yakizuia jua. Wazee wetu hawakuwa na kompyuta.

Si suala la kustarehe tu. Agosti 2003 joto kali liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na waliolala vyumba vya juu kabisa chini ya paa walikuwa hatarini zaidi. Huku kwetu nani anahesabu? Bibi akianguka usiku tunaandika presha.

Kiyoyozi kinasaidia kwa mwenye uwezo, ingawa chumba kinachopigwa na jua hivi kitamaliza Luku haraka. Na kama unaweka vidonge dirishani, viondoe. Maboksi mengi yameandikwa visihifadhiwe juu ya nyuzi 30.

Mzee akianza kuongea ovyo na mwili una moto, usisubiri asubuhi. Mloweshe maji, mpepee, mkimbize hospitali. Dawa ya presha usiikatishe mwenyewe. Mwambie daktari wako chumba kina joto kiasi gani, naye aamue.

Kwa bibi tulifunga neti ya kivuli kwenye fremu ya mbao, nje, shubiri moja kutoka kwenye kioo ili hewa ipite. Haikuhitaji fundi. Wiki mbili baadaye, saa mbili ile ile, kipimajoto kilisoma 31. Dozi yake niliipunguza baada ya kumpima tena usiku, na sasa anaamka kwenda chooni bila kushika ukuta. Analalamikia jambo moja tu, kwamba akiwa kitandani haoni tena nani anapita njiani.