Kifaru hakifichiki kwa rangi tena

Siku hizi haipiti wiki bila mtu kunitumia kwenye WhatsApp video ya vita vya Ukraine. Kifaru kimejibanza chini ya miti, kimefunikwa nyavu na matawi, halafu droni ndogo inakishukia kama mwewe anavyoshukia kifaranga. Vijana wetu wanauliza: sasa ile rangi ya madoadoa ina kazi gani? Kazi ipo, lakini si ile ya zamani.

Zamani adui wa kujificha alikuwa jicho la binadamu. Mwaka 1942, kabla ya vita vya El Alamein huko Misri, Waingereza walivifunika vifaru vyao kwa fremu na turubai vikaonekana malori. Upande wa kusini wakajenga bomba la maji la uongo, ili Wajerumani wadhani shambulio litatokea huko. Usiku wa Oktoba 23 likatokea kaskazini.

Hapa kwetu Ghuba mambo yalibadilika mwaka 1991. Jeshi la Iraq lilifukia vifaru vyake mchangani, Kuwait na kusini mwa Iraq, vikabaki juu kidogo tu. Mchana kuviona kutoka angani ilikuwa shida. Lakini jua likishazama, chuma na mchanga havipoi kwa mwendo mmoja. Rubani wa ndege za F-111 za Marekani, wakitazama kwa kamera za joto, waliviona waziwazi, wakavipiga kimoja kimoja kwa mabomu yanayoongozwa na leza. Na Februari 26, katika mapigano ya 73 Easting, vifaru vya Marekani viliwaona Wairaqi kupitia dhoruba ya mchanga, wao hawawaoni. Rangi ya jangwa haikuwasaidia kitu.

Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na joto la kifaru ni hivyo hivyo. Injini inachemka, moshi unatoka, minyororo inasuguana, mtutu ukifyatua unabaki wa moto. Ndiyo maana leo zipo nyavu maalumu, kama Barracuda za kampuni ya Saab ya Sweden, zinazopunguza joto linaloonekana na kuizuga rada pia. Zinasaidia, hasa kifaru kikiwa kimesimama. Kikianza kwenda tu, vumbi linapanda na alama za minyororo zinabaki ardhini, zinamwonyesha adui njia mpaka maficho yalipo.

Ukraine imeongeza tatizo jingine: droni hazitoki angani, mchana na usiku. Marekani iliipa nchi hiyo vifaru 31 vya Abrams, kila kimoja karibu tani 60. Aprili 2024 ikaripotiwa kwamba vimerudishwa nyuma ya mstari wa mbele, sababu kubwa ni droni. Yale matundu ya chuma yanayofungwa juu ya vifaru nayo yanasema jambo: mwenyewe ameshakubali kwamba ataonekana, anachotaka ni kupona.

Kinachofanya kazi vizuri bado ni udanganyifu. Kosovo mwaka 1999, NATO ilipiga mabomu siku 78, na Waserbia wakaweka vifaru bandia. Vita vilipokwisha, mabaki ya vifaru vya kweli yalikutwa machache kuliko ilivyotangazwa. Ukraine nako kuna vifaru vya mbao na vya kupulizwa hewa. Kombora la bei kubwa likiangukia puto, aliyelirusha ndiye aliyekula hasara.

Kwa hiyo mimi nasema kujificha hakujafa, ila thamani yake sasa inahesabiwa kwa dakika. Wavu mzuri unamchelewesha adui kidogo, na huo muda kidogo ndio wa kufyatua na kuhama. Tukitazama video hizo tukacheka, tukumbuke ndani ya chuma kile mna vijana watatu au wanne. Dakika hizo ndizo uhai wao.