Gramafoni ya marehemu babu yafufuka Mugeta, bibi adai sindano ya chuma!

“MURA, hiki si ni chuma tu?” Ndivyo alivyoniuliza mnunuzi wa vyuma chakavu aliyeegesha baiskeli yake uani kwetu Mugeta, wilayani Bunda. Mzani alikwisha utoa. Wadogo zangu wawili wamesimama pembeni wanameza mate, maana elfu tano ni elfu tano. Na kilichokuwa juu ya mzani, msomaji wangu, ni gramafoni ya marehemu babu!

Nikamwambia aishushe. Tulikwaruzana kidogo pale, lakini mimi ndiye mkubwa, basi mambo yakaisha.

Usicheke. Ni ile ya sanduku, mfano wa begi la safari. Ukifunua unakuta kisahani cha kuzungusha santuri, mkono wa chuma unaong’aa, na picha ya yule mbwa anayesikiliza bomba. HMV namba 102, Waingereza walianza kuiuza mwaka 1931. Haina waya, haina betri, haijui LUKU ni kitu gani. Unachomeka hendeli ubavuni, unazungusha mpaka springi inakaza, unaachia breki, muziki huo!

Babu alikuwa askari wa Keya, yaani KAR. Alipelekwa Burma kwenye Vita Kuu ya Pili, akarudi na koti, kovu la bega na hamu ya muziki. Gramafoni aliinunua Musoma miaka ya hamsini, ikiwa imekwisha tumika. Santuri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Fundi Konde, yule mpiga gitaa wa pwani ya Kenya. Na sababu anayo. Fundi Konde naye alikuwemo katika kikosi cha burudani cha KAR, akafika huko huko Burma. Baada ya vita alirekodi nyimbo zilizotolewa na HMV kwenye santuri za lebo ya bluu. Babu alikuwa akisema “huyu ni mwenzangu”, ingawa sidhani kama walipata kuonana.

Kwa taarifa yako, sauti ya Kiswahili ilikwisha ingia kwenye santuri kabla ya hapo. Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu. Na aliyebuni santuri hizi bapa ni Emile Berliner, huko Marekani, mwaka 1887. Hayo tuyaache, turudi uani kwetu.

Mashine ilinyamaza mwaka 1983. Baba aliwahi kuipeleka kwa fundi mmoja mjini (jina namhifadhia), ikakaa miezi mitatu, ikarudi na skrubu mbili pungufu na gundi mahali pasipotakiwa gundi. Ndipo ikatupwa stoo, juu ya magunia ya mtama, panya wakala kitambaa chote cha kisahani.

Kazi ya kwanza ni springi. Hapa naomba usikilize vizuri kama unayo nyumbani. Usifungue kitu kabla hujaiachia izunguke mpaka iishe nguvu kabisa. Springi hiyo ni utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya ngoma yake, ukichomoka unakata vidole kama panga. Mimi nilivaa glavu za kupalilia katani na bado nilikuwa natetemeka. Ndani nilikuta grisi iliyoganda mfano wa lami. Ndiyo iliyokuwa ikifanya mashine igonge “du! du!” enzi za mwisho wa babu, na sisi tukidhani kuna mdudu. Nikaiosha kwa mafuta ya taa siku mbili, nikapaka grisi mpya nzito.

Ngoma ikazunguka. Lakini ilizunguka kama mwehu! Fundi Konde aliimba kama kasuku aliyekanyagwa mkia. Tatizo lilikuwa gavana.

Gavana ni kitu kizuri sana, mimi mwenyewe nimekaa nacho mezani usiku mzima nikikishangaa. Vidude vitatu vya madini vyenye uzito sawa vimefungwa kwenye viutepe vitatu vyembamba vya chuma. Mashine ikikimbia, vile vidude vinatanuka kwenda nje, vinakivuta kisahani kidogo hadi kinabana kipande cha ngozi, mwendo unapungua. Ukipungua mno, vinarudi ndani, breki inalegea. Hakuna kompyuta wala nini. Sasa kiutepe kimoja kilikuwa kimekatika, pengine ni kazi ya yule wa gundi.

Fundi saa mmoja wa Bunda ndiye aliyeniokoa. Alikata viutepe kutoka springi ya saa ya mezani iliyokufa. Nikamwambia kinatakiwa kimoja tu. Akanitazama kama mtoto. “Kaka, ukiweka kimoja kipya na viwili vizee, itayumba.” Akabadilisha vyote vitatu, akapokea elfu nane na soda.

Kupima mwendo ni rahisi. Santuri hizi huzunguka mara 78 kwa dakika. Bandika kikaratasi kwenye ukingo, shika saa, hesabu nusu dakika: ukipata 39 umefika. Nilipata 41. Nikageuza kile kiskrubu cha mwendo, nikahesabu tena, mpaka watoto wa jirani wakaanza kuhesabu nami kwa sauti.

Kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano, kilikuwa kinakoroma kwa sababu mipira yake ilikuwa migumu kama mfupa. Nilikata mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, wa shilingi mia mbili, ukaingia sawasawa. Hapo sina la kuongeza.

Kilichobaki ni sindano, na hapo ndipo pananiumiza kichwa hadi leo. Sindano ya chuma hupigia upande mmoja wa santuri, halafu unaitupa. Imetengenezwa hivyo makusudi: iishe yenyewe badala ya kuimaliza santuri. Ukirudia ileile, ncha inakuwa patasi. Mimi kwa papara yangu nilirudia moja mara sita nikijaribu mwendo, na upande wa pili wa Fundi Konde sasa unasikika kama mahindi yanayokaangwa. Nimeuharibu mwenyewe, wala simsingizii mtu. Kwenye kopo la mbwa zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Nikakumbuka kwamba Wazungu wa zamani walitumia pia sindano za mianzi na za miiba ili santuri zisichakae upesi. Miiba? Mugeta? Bwana wee, sisi tunaishi kwenye miiba! Nilichuma ya mgunga, nikaikausha, nikaichonga ncha kwa msasa. Inapiga! Sauti ni ya chini, laini, inabidi usogeze kigoda, na baada ya wimbo unaichonga tena.

(Kijana mmoja aliniletea santuri zake za 45 za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Nilikataa. Zile ni plastiki laini, mkono huu mzito ungezilima kama shamba.)

Bibi ana miaka tisini na ushee. Jumamosi jioni tulimtoa nje akaketi kwenye mkeka, nikaweka mwiba, nikaachia breki. Akasikiliza hadi mwisho bila neno. Mimi nangoja machozi, kama kwenye sinema.

“Mume wangu,” akaniita, “huyu mtu ana mafua?”

Nikamweleza habari ya miiba, sindano, na santuri kuchakaa. Akasikiliza tena. Kisha akasema babu yako hakuwa anapiga kwa mafua, alikuwa anapiga watu wanatoka ng’ambo ya mto, weka ya chuma.

“Bibi, zimebaki kumi na moja tu.”

“Na mimi nimebakiwa na ngapi?”

Nikaweka ya chuma. Nilizungusha hendeli mpaka ikagoma, nikashusha mkono pole pole upande ule ambao sijauharibu. Watu walikuja hata kutoka kilabuni. Mdogo wangu, yule wa elfu tano, ndiye aliyeshika taa.

Zimebaki kumi. Msomaji, ukilikuta stoo kopo dogo lenye picha ya mbwa, usilitupe kabla hujalitikisa.