Maradhi ya Tumbo Katika Meli za Watalii na Kinga Yake

Mwezi wa Februari 2024 meli ya watalii iitwayo Norwegian Dawn, iliyokuwa imetoka Afrika ya Kusini na abiria zaidi ya 2,000, ilifika karibu na Port Louis, bandari kuu ya Mauritius, ikakatazwa kufunga gati. Habari zilikuwa zimetangulia kuwa watu wapatao 15 ndani yake wametengwa kwa maradhi ya tumbo. Na kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kikizisumbua siku hizo baadhi ya nchi za kusini mwa Afrika, wakuu wa afya wa kisiwa hawakuthubutu kuuachia umati ule ushuke mjini kabla ya vipimo kuchukuliwa na majibu kurudi. Majibu yalirudi hayana kipindupindu, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Tahadhari kama ile si ngeni kwa watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki, ambao wangali wanakiona kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji wa Unguja, kilichowahi kuwa karantini ya wasafiri wa baharini. Lakini maradhi ambayo aghalabu huwaangusha abiria wa meli za anasa katika zama hizi huletwa na kirusi kiitwacho norovirusi, ambacho hakiui wengi miongoni mwa wenye siha, walakini huenea kwa wepesi ambao maradhi machache yanaweza kushindana nao, na ambacho kinga yake kubwa imo mikononi mwa msafiri mwenyewe.

Historia yake haianzi baharini. Mwishoni mwa mwaka 1968, katika shule moja ya watoto mjini Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, wanafunzi na walimu wengi walishikwa ghafla na kutapika na kuharisha, na vinyesi vya wagonjwa vikahifadhiwa, maana maabara za wakati ule zilitafuta kila kijidudu kinachojulikana zisione cha kukishtaki. Ilipofika mwaka 1972 mtaalamu Albert Kapikian alikiona kirusi chenyewe kwa hadubini ya elektroni: kidubwana cha mviringo ambacho, ukivipanga vyenzake zaidi ya 35,000 katika mstari mmoja, ndipo hupata urefu wa milimita moja. Jina la mji ule ndilo lililozaa jina la norovirusi.

Anayeambukizwa hahisi kitu kwanza. Hupita saa 12, pengine hata 48, ndipo kichefuchefu kinapompanda bila ya onyo, akatapika kwa nguvu, akaharisha maji, tumbo likamsokota, na wakati mwingine akapata homa ndogo na maumivu ya viungo. Kwa mtu mzima mwenye afya njema dhiki hii hudumu siku moja hadi tatu, kisha huondoka yenyewe. Katika kimya kile cha saa za mwanzo ndimo inamofichika hatari ya safari, kwa sababu mtu aweza kupanda chomboni akiwa mzima machoni pa watu wote, akapita mbele ya mkaguzi wa afya, akajaza karatasi ya maswali kwa ukweli mtupu kwamba haumwi, kumbe ameshabeba kile kitakachowalaza jirani zake kesho kutwa. Fauka ya hayo, chembe chache mno za kirusi, zisizofika hata 100, zatosha kumwambukiza mtu, ilhali mgonjwa hutoa mabilioni katika kinyesi chake na huendelea kuzitoa kwa wiki mbili au zaidi baada ya kupona.

Wako wanaodhani kwamba meli ni vyombo vichafu, na dhana hiyo haina haki. Katika Marekani, ambako hesabu za milipuko huwekwa kwa uangalifu, meli za watalii huchukua kiasi cha asilimia 1 tu ya milipuko yote ya norovirusi inayoripotiwa. Mingi zaidi hutokea katika nyumba za kulelea wazee, hospitali, mikahawa na shule. Meli husikika zaidi kwa sababu sheria inawalazimu manahodha kusema. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, ina mpango wa usafi wa meli ulioanza katika miaka ya 1970, ambao wakaguzi wake huingia chomboni bila ya kutoa taarifa, wakapima maji, jikoni, mabwawa ya kuogelea na maghala ya vyakula, na kutoa alama kati ya 100, na meli iliyopata 85 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa imeshindwa. Alama hizo hutangazwa kwa watu wote, na mtu anayekusudia kutumia akiba yake kwa safari ya namna hii afanya vyema kuzitazama kabla ya kulipa nauli.

Hata hivyo haiwezekani kukana kwamba umbile la meli humfaa kirusi. Maelfu ya watu hulala chini ya paa moja, hushika vishikizo vilevile vya ngazi, hubonyeza vitufe vilevile vya lifti, na mara tatu kwa siku hupanga foleni mbele ya meza ndefu ya vyakula, kila mmoja akikamata upawa alioushika mwenziwe. Mwezi wa Januari 2014 meli ya Explorer of the Seas, iliyoondoka New Jersey kuelekea visiwa vya Karibi, ilikatiza safari yake na kurudi siku mbili kabla ya wakati, kwa kuwa abiria zaidi ya 600 kati ya 3,071 walikuwa wameugua, pamoja na mabaharia zaidi ya 50. Meli ile haikuzama wala haikushika moto, ila abiria mmoja katika kila watano alikuwa mgonjwa.

Jinsi kirusi kinavyosafiri yafaa kutazamwa kwa karibu. Katika hoteli moja ya Uingereza, mwaka 1998, watu 126 walikuwa wamekaa kula chakula cha usiku, na bibi mmoja akatapika pale pale mezani. Watumishi walisafisha upesi, na karamu ikaendelea. Siku zilizofuata wageni wengi waliugua, na watafiti walipouliza kila mtu alikaa meza gani, waliona kuwa wale wa meza ya bibi yule ndio walioathirika kuliko wote, na kwamba kadiri meza ilivyokuwa mbali naye ndivyo wagonjwa walivyopungua, ingawa hata kwenye meza za mbali hawakukosekana. Maana yake ni dhahiri: mtu anapotapika, matone madogo yasiyoonekana huruka hewani, yakaangukia sahani, vikombe, nguo na midomo ya waliopo. Kwa hiyo abiria anayemwona mwenziwe akitapika ukumbini asikae kutazama, wala asijitolee kupangusa kwa kitambaa cha mezani. Aondoke mahali pale, aviache vyakula vilivyo wazi, awaite watumishi wenye glavu na dawa ya klorini, kisha akanawe mikono.

Utafiti mwingine uliofanywa katika meli 56 una mafunzo yake. Watafiti walipaka alama isiyoonekana kwa macho katika vyoo vya abiria, juu ya viti vya choo, vishikizo vya milango na kadhalika, wakarudi baadaye na taa maalumu kutazama alama zipi zimefutwa. Katika vitu zaidi ya 8,000 vilivyotazamwa, asilimia 37 tu ndivyo vilivyokuwa vimesafishwa siku hiyo. Kirusi hiki hukaa juu ya vitu vikavu kwa siku nyingi kikiwa hai, na kwa hivyo namwomba msafiri asiitazame sakafu inayong'aa akaridhika, bali akumbuke kishikizo cha mlango atakachokigusa baada ya kunawa, akifungue kwa karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wasafiri wengi hulikosea, tena kwa nia njema. Katika kila mlango wa ukumbi wa chakula melini pana chombo cha kitakasa mikono, na watu, hasa tangu janga la korona, wamezoea kuamini kwamba tone la dawa ile laondoa kila balaa. Virusi vya korona na vya mafua vimevikwa utando wa mafuta, na kileo kilichomo katika kitakasa huuyeyusha utando huo, virusi vikaangamia. Norovirusi haina utando wa mafuta. Ina ganda gumu la protini, nalo huistahimili dawa ile kwa kiasi kikubwa. Kinachofaa ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu kazi ya sabuni hapa ni kukibandua kirusi kutoka katika ngozi, na kazi ya maji ni kukichukua kikaenda zake. Mikono isuguliwe kwa sekunde 20 angalau, viganja na migongo yake, baina ya vidole na chini ya kucha, kisha ikaushwe kwa karatasi safi: kila baada ya kutoka chooni, kila kabla ya kula, na kila baada ya kumbadilisha mtoto nepi. Kitakasa chaweza kuongezwa juu ya hayo, lakini hakiwezi kushika mahali pa sabuni.

Wazee wa pwani walikuwa na desturi ambayo elimu ya leo inaithibitisha: mgeni hakukaribishwa chakulani kabla ya kuletewa birika na bakuli, akamiminiwa maji mikononi, na maji machafu yakaangukia bakulini yasirudiwe. Desturi hiyo, ikiongezwa sabuni, haina upungufu. Lakini iliyoingia baadaye katika nyumba nyingi na mikahawa, ya watu kumi kuchovya mikono katika bakuli moja la maji, ni kinyume chake kabisa, na ningependa kuiona imekoma.

Kwa upande wa chakula sina mengi. Chaza wabichi waepukwe, kwa kuwa huchuja maji ya bahari na kukusanya ndani yao kila uchafu uliomo, na mvuke wa haraka haraka hautoshi kukiua kirusi hiki. Chakula kilichopikwa kikaletwa kingali moto ni salama kuliko kilichokaa wazi juu ya meza ya kujipakulia, na matunda yenye maganda, uyamenyayo mwenyewe kwa mikono safi, ni bora kuliko yaliyokatwa na mikono usiyoijua.

Lakini katika yote, lililo zito kwangu ni tabia ya kuficha ugonjwa. Abiria aliyelipa fedha nyingi huona haya, au huchelea kufungiwa katika chumba chake huku wenziwe wakistarehe, basi humeza vidonge vya kuzuia kuhara akashuka kula pamoja na watu. Mtumishi wa jikoni huficha kwa sababu nyingine, iliyo nzito zaidi: hofu ya kupoteza ujira na kazi. Kanuni za Marekani zataka mshughulikaji chakula aliyeugua asirudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zake zikome, na kanuni hiyo ni ya haki. Lakini haitafuatwa kwa moyo mpaka mwenye meli ahakikishe kwamba siku hizo mbili hazikatwi katika mshahara wa mgonjwa. Natamka hayo nikiwakumbuka pia vijana wetu wanaotafuta kazi katika meli hizo. Kampuni inayomwadhibu mtumishi kwa kusema kweli yajitafutia yenyewe maradhi.

Akiisha mtu kuugua, dawa za kuua bakteria hazimsaidii, wala chanjo ya kutumiwa na watu wote haijapatikana hadi sasa. Matibabu ni kurudisha maji na chumvi alizozipoteza. Pakiti za dawa ya chumvi chumvi zinazouzwa katika kila duka la dawa hazina uzito wala bei kubwa, na kila msafiri yampasa azitie chache mkobani. Zikikosekana, lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, hufanya kazi hiyo. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, hata akitapika apumzike dakika chache na kuanza tena. Watoto wachanga na wazee hukauka maji upesi, na kwao kinywa kikavu, mkojo mchache wa rangi nzito, kizunguzungu wakisimama, au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kupelekwa kwa tabibu saa hiyo hiyo. Damu katika kinyesi na homa kali huashiria maradhi mengine, nayo pia yamtaka tabibu.

Asidhani msomaji asiyekusudia kupanda meli ya watalii kuwa haya hayamhusu. Makadirio ni kwamba norovirusi huwaangusha watu kama milioni 685 duniani kila mwaka na kuua wapatao 200,000, na katika hao kiasi cha 50,000 ni watoto, karibu wote wa nchi zisizo na uwezo mkubwa. Bweni la shule, kambi ya wakimbizi, wodi ya hospitali na boti iliyojaa abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zina watu waliosongamana kama walivyosongamana wale wa meli ya Karibi, na mara nyingi zina maji na sabuni haba zaidi. Mwenye kuongoza mahali kama hapo naweke sabuni na maji ya bomba karibu na kila choo kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kinga. Na wewe msafiri, ukiharisha au kutapika katika siku mbili za kabla ya safari, iahirishe safari, na ukiugua ukiwa chomboni, kaa chumbani mwako, mwite tabibu wa meli, umwambie yote.