Medali za Uzazi wa Kifalme na Dhahabu ya Mwambutsa

Medali ya uzazi wa kifalme hupigwa chapa ili kutangaza kwamba kiti kimepata mrithi. Si pesa: haina thamani iliyoandikwa, wala hainunui kitu dukani. Mfano unaojulikana sana ni wa Ufaransa. Machi 20, 1811 Napoleon alipata mtoto wa kiume, akampa cheo cha Mfalme wa Roma. Mchongaji Bertrand Andrieu alitengeneza medali yenye nyuso za wazazi upande mmoja na kichwa cha mtoto upande wa pili.

Mkusanyaji wa Buyenzi, mjini Bujumbura, anayetaka medali kama hiyo ya ufalme wa Burundi atatoka mikono mitupu. Huko mrithi alikuja na alama yake mwenyewe: mapokeo yanasema mwami, yaani mfalme, huzaliwa amefumbata mbegu mkononi. Dhahabu ilichelewa. Sarafu za dhahabu za faranga 10, 25, 50 na 100 zilitolewa mwaka 1962, mwaka wa uhuru, kisha nyingine mwaka 1965 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Mwambutsa IV. Hizi za pili ndizo zinazokaribia utoto wa kifalme, kwani Mwambutsa, aliyezaliwa mwaka 1912, alirithi kiti mwishoni mwa 1915 akiwa bado mtoto mdogo, na nchi ikaendeshwa na walezi wake. Sherehe hiyo ya dhahabu haikudumu: Julai 1966 aliondolewa na mwanawe, Charles Ndizeye, naye Novemba akapinduliwa na waziri mkuu wake, Micombero, ufalme ukaisha. Faranga 1 ya shaba ya 1965, iliyozunguka sokoni, isichanganywe na sarafu hizo za dhahabu.

Medali ya 1811 isomwe kwanza ukingoni, kabla ya uso. Kiwanda cha sarafu cha Paris kiliendelea kupiga medali za zamani kwa muda mrefu, na tangu 1832 kikaweka alama ukingoni: taa, kisha nanga, omo ya meli, mkono unaoelekeza (1845 hadi 1860), nyuki (1860 hadi 1880), na pembe iliyojaa matunda baada ya hapo. Yenye nyuki, basi, imetoka kiwandani karibu nusu karne au zaidi baada ya mtoto kuzaliwa. Si ya bandia, lakini isilipiwe bei ya kongwe.

Dhahabu ya Mwambutsa ina sehemu 900 za dhahabu safi katika 1000, na hapo maji na mizani ya sonara vinatosha kuitofautisha na shaba. Gramu 17 za dhahabu ya namna hiyo husukuma takriban mililita 1 ya maji. Shaba yenye uzito huohuo husukuma karibu mara mbili.

Kosa linaloharibu vipande vingi ni kuvisafisha. Ndimu na majivu huing'arisha medali ya shaba kwa dakika chache, lakini huondoa utando wa kahawia uliojengeka kwa miaka mingi na kula mistari myembamba ya nywele na mavazi. Wanunuzi wazoefu huutazama utando huo kabla ya kutaja bei. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, medali ishikwe kwa ukingo, na ihifadhiwe mbali na unyevu.