Vyura, mabonde na malaria: kuna uhusiano gani?

Huenda umewahi kusikia ushauri huu kwenye mkutano wa kijiji au mtaa: bonde lile la matete likaushwe, kwa sababu vyura wakipiga kelele usiku ujue na mbu wapo. Ni kweli kwamba chura na mbu wote huzaliana kwenye maji. Lakini tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba vyura wakitoweka, malaria inaweza kuongezeka badala ya kupungua.

Kabla hatujaendelea, tuweke jambo moja sawa. Chura si kinga ya malaria. Hata kama nyuma ya nyumba yako kuna vyura mia, lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Wewe au mtoto wako akipata homa, nendeni kituo cha afya ndani ya saa 24 mkapimwe. Kwa mtoto mdogo na mama mjamzito kuchelewa ni hatari zaidi. Haya mengine yote yanakuja juu ya hayo, hayachukui nafasi yake.

Yaliyotokea Costa Rica na Panama

Kuanzia miaka ya 1980, vyura wa milimani huko Amerika ya Kati walianza kufa kwa wingi. Aliyewaua ni kuvu inayoitwa kitridi, ambayo wanasayansi waliitambua rasmi mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuvu hii hushambulia ngozi. Kwa chura ngozi si koti tu. Anapitishia humo maji, chumvi na sehemu ya hewa anayovuta. Ngozi ikiharibika, chumvi za mwilini hupungua na mwishowe moyo husimama.

Kitridi ilisafiri kama wimbi, ikavuka Costa Rica kisha ikaingia Panama na kwenda mashariki, mwaka baada ya mwaka. Huko El Copé, Panama, ilifika mwaka 2004. Mtafiti Karen Lips na wenzake walikuwa wameshahesabu aina za vyura wa eneo hilo kabla ya kuvu kufika, kwa hiyo hasara ilijulikana: kati ya aina 74, aina 30 zilitoweka. Duniani kote, tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilikuta kwamba aina zisizopungua 500 za vyura na jamaa zao zimepungua kwa sababu ya kuvu hii, na aina 90 zinadhaniwa zimekwisha kabisa.

Kwa sababu wimbi lilifika kila wilaya kwa wakati wake, watafiti waliweza kufanya jambo ambalo ni gumu sana kwa kawaida: kulinganisha wagonjwa wa malaria kabla na baada ya vyura kufa, wilaya kwa wilaya, huku wakizingatia mvua, joto na ukataji wa misitu. Matokeo yao, yaliyoongozwa na Michael Springborn na kuchapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba malaria ilipanda baada ya vyura kutoweka na ikabaki juu kwa miaka kadhaa. Katika miaka ya kilele, ongezeko lilikuwa karibu mgonjwa 1 wa ziada kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Usiione ndogo. Katika nchi hizo, mlipuko wa kawaida wenyewe ulikuwa wa mgonjwa mmoja na kitu kwa kila watu 1,000.

Utafiti huo haukumfuata mbu mmoja mmoja ukaona ameponea wapi. Unaonyesha mambo mawili yaliyofuatana kwa mpangilio ule ule sehemu nyingi, na ndiyo maana unachukuliwa kwa uzito.

Chura anamfanyaje mbu?

Watu wengi hufikiri ni chura mkubwa anayedaka mbu kwa ulimi. Hudaka, lakini mbu ni tonge dogo sana kwake. Hupendelea mchwa, kumbikumbi, siafu na mende. Kazi kubwa zaidi huenda inafanyika ndani ya maji, na anayeifanya ni mtoto wa chura, yule mwenye kichwa cha duara na mkia. (Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa: neno "viluwiluwi" tunalitumia kwa watoto wa mbu na kwa watoto wa chura. Kwenye ukurasa huu tukisema viluwiluwi tunamaanisha wa mbu tu.)

Watoto wa aina fulani za vyura hula viluwiluwi. Wengi zaidi hugombania nao chakula, yaani ule utelezi wa kijani ulio juu ya mawe na majani. Majaribio yameonyesha kwamba wakiwekwa pamoja kwenye maji, viluwiluwi hukua polepole na wachache zaidi hufikia kuwa mbu. Siku chache zina maana kubwa, maana kwenye maji ya joto mbu wa malaria hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa wiki moja hadi mbili tu. Na dimbwi linaloweza kukauka wiki ijayo halimsubiri.

Lakini si kila maji yana vyura. Mbu wengi wa malaria wa Afrika Mashariki hupenda madimbwi madogo yenye jua: alama za kwato za ng'ombe, mikondo ya magurudumu, mashimo ya kufyatulia tofali. Hapo mbu humaliza shughuli yake kabla chura hajajua kama kuna maji. Mbu wa dengue naye huzaliana kwenye matairi, ndoo na makopo, na huko chura hatamsaidia mtu. Kwa hiyo maji ya aina hiyo ni kazi yako: fukia, mwaga, funika.

Je, bonde likikaushwa malaria itaisha?

Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti walilinganisha vijiji vinane vilivyo kando ya mabonde yenye mafunjo ya asili na vijiji vinane vilivyo kando ya mabonde yaliyokaushwa na kulimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kando ya mabonde yaliyolimwa kulikuwa na joto zaidi, mchana na usiku. Na mahali ambapo usiku ulikuwa na joto zaidi, mbu wa malaria walikuwa wengi zaidi ndani ya nyumba. Tofauti ya maambukizi yenyewe ilikuwa ndogo mno kuwa ushahidi wa kutosha, ila ilielekea upande ule ule: malaria kidogo zaidi penye mafunjo.

Sababu si ngumu kuielewa ukisimama penyewe. Mafunjo hufunika maji, maji hubaki ya baridi na yenye kivuli, na humo kuna samaki wadogo, kerengende na watoto wa chura. Ukikata mafunjo na kuchimba mifereji, unapata vijidimbwi vingi vyenye jua visivyo na mlinzi. Yaani umeondoa bonde, ukabakiza maji.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kila bonde ni salama. Anopheles funestus, mbu anayebeba sehemu kubwa ya malaria katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, huzaliana kwenye maji safi ya kudumu yenye majani. Ukiishi karibu na maji ya namna hiyo, mweleze afisa afya wa kata. Ipo dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi, ambayo hutengenezwa pia Kibaha, mkoani Pwani. Ni bakteria ambao kiluwiluwi huwameza na kufa, na haiui samaki. Oili chafu ni jambo jingine kabisa: huziba juu ya maji na kuua karibu kila kitu, wakiwemo wale waliokuwa wanakusaidia.

Yanayowezekana nyumbani na shambani

Jifunze kuwatofautisha. Viluwiluwi ni wembamba, hujinyonganyonga ukigusa maji. Wale wa mbu wa malaria hulala bapa juu ya uso wa maji. Mtoto wa chura ana tumbo la duara na hukaa chini. Ukikuta dimbwi lenye watoto wa chura wengi na hakuna viluwiluwi, liache, nenda kafukie lile shimo la tofali.

Chandarua chenye dawa kifulie kwenye beseni, na maji yake yamwage kwenye shimo mbali na mto, bwawa au kisima. Dawa iliyomo ni sumu kali kwa samaki na kwa watoto wa chura. Kwa sababu hiyo hiyo usivulie samaki kwa chandarua, hata kikuukuu. Bomba la kupulizia dawa za mazao nalo lisioshwe mtoni.

Kama kijiji chenu kinapanga kutumia bonde, ombeni sehemu ya kandokando ya maji ibaki na matete au mafunjo yake.

Mkiona vyura wengi wamekufa

Kitridi ipo Tanzania pia. Mwaka 2003 ilikutwa kwenye Korongo la Kihansi, wakati ambapo chura wa Kihansi, ambaye hakuna mahali pengine duniani alipopatikana, alikuwa anamalizika. Maporomoko yake yalikuwa yameshapungua baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini. Aliokolewa na wale waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na mwaka 2012 walianza kurudishwa.

Kuvu hiyo haimwambukizi binadamu. Lakini vyura waliokufa pamoja wanaweza pia kuwa wamekufa kwa sumu iliyomwagwa, na maji hayo huenda mnayanywa. Msiwashike kwa mikono mitupu, msichote maji hapo kwa sasa, na mtoeni taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa afya na kwa ofisi ya maliasili ya wilaya. Piga picha ikiwezekana, na andika mahali na saa.